Mama Nimeona

Wanafunzi ndio waliompa jina hilo, na jina la wanafunzi halikatiwi rufaa. Kitambulisho chake cha kazi kinasema yeye ni fundi wa maabara ya fizikia, lakini kuanzia mlinzi wa getini mpaka mkuu wa idara, wote humwita Mama Nimeona. Hana mtoto. Alimzika mumewe yeye akiwa na miaka thelathini na mitatu, hata sufuria za harusi hazijapata masizi ya kutosha. Sasa ana hamsini na moja, anaishi peke yake katika vyumba viwili nyuma ya duka la vioo, na kazi iliyompa jina ni ya ajabu kidogo, kwa hiyo tuielezee polepole.

Mwisho wa korido ya maabara kuna chumba kisicho na dirisha, zamani kilikuwa stoo ya kemikali. Ndani kuna meza, na juu ya meza kuna mtambo ambao yeye mwenyewe huupangusa kwa kitambaa laini kila Jumatatu. Upande mmoja ipo taa iliyofifishwa mpaka ikawa inatoa mwanga chembe moja moja, zile ambazo wasomi huziita fotoni. Mbele ya taa kuna kioo ambacho nusu ya mwanga hukipita na nusu hurudishwa. Fotoni moja haigawanyiki. Ikifika kwenye kioo, ama itapita na balbu nyekundu itawaka, ama itarudishwa na balbu ya kijani itawaka. Hakuna ajuaye mapema itakuwa ipi, hata aliyeuunda mtambo wenyewe.

Mama Nimeona huingia humo na kiti chake, mlango unafungwa, wanafunzi wanabaki nje na mhadhiri. Anabonyeza kitufe mara moja tu. Balbu mojawapo inawaka kwa sekunde mbili, inazimika. Kisha anachukua karatasi yenye ukubwa wa tiketi, anaandika neno moja, "Nimeona", na kuisukuma chini ya mlango. Rangi haruhusiwi kuandika. Hiyo ndiyo kanuni, na mhadhiri aliisisitiza tangu siku ya kwanza: waambie kwamba umeona, usiwaambie ulichokiona.

Basi hapo nje ndipo kazi huanza. Mhadhiri, mzee mrefu ambaye suruali yake inashikiliwa na imani kuliko mkanda, huinua ile karatasi juu na kuwauliza vijana wake. Kwa Mama aliye ndani, jambo limekwisha, ameona rangi moja. Kwetu tulio nje, hesabu zinatutaka tuandike zote mbili, nyekundu pamoja na Mama aliyeiona nyekundu, na kijani pamoja na Mama aliyeiona kijani. Nani mkweli? Huwa anakiri kwamba huo ni mchezo wa kufundishia tu, maana mtu mwenye pumzi na joto hafichiki kwa mlango wa mbao, na mambo hayo kwa kweli hupimwa kwa vitu vidogo mno. Wanafunzi hawajali. Kuna wanaosema Mama akishaona tu, habari imekwisha. Kuna wanaosema Mama wamekuwa wawili, kila mmoja na balbu yake, na hawatakutana tena. Wengine hushikilia kwamba kila mtazamaji ana lake, asidai la mwenzake. Hubishana mpaka kengele inalia, wanakusanya mikoba, wanaondoka. Mama Nimeona husikia korido imekuwa kimya, hujifungulia mlango, na kutoka na kiti chake.

Kwa miaka kumi na minne hakuna mtu aliyewahi kumuuliza aliona rangi gani.

Ukitaka kucheka, cheka, yeye mwenyewe alicheka mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili alianza kuandika kwenye daftari, tarehe na rangi, akisema moyoni kwamba siku moja mtu atauliza na yeye hatakuwa na sababu ya kubahatisha. Daftari likajaa, akanunua la pili. Mshonaji hupinda mgongo, mwashi hukauka viganja, na huyu naye kazi ilimpa kilema chake: alizoea kumwambia mtu kwamba habari ipo, halafu akanyamaza kungoja aulizwe habari yenyewe. Atakuambia, "Jana sikulala," basi. Atakuambia, "Kuna barua imekuja." Usipouliza barua ya nani, utazeeka bila kujua. Majirani walimwona mwenye maringo, na maringo ndicho kitu cha mwisho alichokuwa nacho.

Ndugu aliyebaki ni mmoja, dada yake mkubwa, na wanaishi mji mmoja. Ukitoka duka la vioo, ukapita soko na kituo cha mafuta, ni mwendo wa dakika ishirini na tano kwa miguu. Lakini ilikuwa imetimia miaka sita hakuna aliyekanyaga kwa mwenzake. Siku moja, wakiwa jikoni kwa dada mtu, mdogo mtu alisema, "Dada, kuhusu shemeji. Kuna jambo nimeona." Akanyamaza, kama kawaida yake. Dada mtu hakuuliza ni jambo gani. Aliweka mwiko chini, akasema, "Kama huwezi kumheshimu mume wangu, nyumba hii usiikanyage." Mdogo mtu akachukua mkoba wake. Maji yakimwagika hayazoleki, na hawa wawili hawakuleta hata tambara la kupangusia.

Kilichobaki kilikuwa ujumbe wa simu wa kila Ijumaa. Mdogo mtu huandika, "Salama dada? Mimi mzima." Dada mtu hujibu kabla jua halijazama, "Sisi wote wazima. Mungu ni mwema." Maneno hayo hayo, wiki kwa wiki, mpaka simu ilikuwa inayamalizia yenyewe.

Mwezi wa tatu, akiwa anaoga, mkono wake ulikutana na kivimbe kwenye titi. Kilikuwa kidogo, kigumu, kama harage. Mtu mwingine angekwenda hospitali kesho yake. Yeye alitaka dada yake ajue kwanza, na kumjulisha mtu kwake kulikuwa na utaratibu wake. Ijumaa ile aliandika, "Salama dada? Mimi nipo nipo tu." Akaketi na simu mapajani. Jibu likaja, "Sisi wote wazima. Mungu ni mwema." Ijumaa iliyofuata akaongeza, "Mwili si mzuri sana." Jibu, "Pole, jipumzishe." Ijumaa kumi na moja zilikwenda hivyo, kila moja akiacha mlango wazi kidogo, na hakuna aliyeusukuma. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila hawakusema lolote juu ya mtu ambaye hafichi, anangoja tu kuulizwa.

Kivimbe chenyewe hakikuwa na subira kama yeye. Kilipoanza kuonekana hata kwenye kioo, alikwenda kupimwa, na siku iliyotangulia akamwandikia dada, "Kesho naenda hospitali." Dada akajibu, "Mungu akutangulie."

Majibu aliyapata Jumanne. Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke mwenye maneno machache na kalamu nne mfukoni, na hakumzungusha. Ilikuwa saratani. Haikuwa imetambaa mbali, hilo ni la kushukuru, lakini ilikuwa imekua.

"Ungekuja mapema tungetoa uvimbe peke yake," alisema. "Sasa lazima titi lote. Alhamisi ya wiki ijayo, saa moja asubuhi uwe umefika."

"Sawa, daktari."

"Na uje na ndugu. Mtu wa kusaini, na wa kukaa na wewe nyumbani wiki mbili za mwanzo. Mkono huo hutaweza kuuinua hata kuchana nywele. Usipokuwa na mtu nafasi nampa mwingine, wewe nakusogeza mbele, na mimi sipendi kukusogeza mbele. Mtu unaye?"

"Nina dada."

"Mwambie leo."

Alitoka, akasimama kwenye kivuli cha ukuta wa hospitali, akatoa simu. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Kilichokwenda mwishowe ni hiki: "Dada, nimepata majibu."

Hajavuka hata barabara, simu ikalia. "Haya mdogo wangu. Mungu ni mwema."

Aliusoma ujumbe ule mara tatu akitafuta alama ya kuuliza. Kisha akaenda zake nyumbani, akapika chakula cha mtu mmoja na kula nusu yake. Tuseme kama lilivyo, aliumia. Aliumia kuliko alivyoumia mbele ya daktari, kwa sababu daktari alimpa habari mbaya akimtazama usoni, na ndugu wa damu alimpa neno jema bila kumtazama kabisa.

Kesho yake ilikuwa Jumatano, siku ya somo. Alibeba kiti, akaingia, mlango ukafungwa. Alibonyeza kitufe. Alikuwa anawaza nani atamchana nywele, na wazo hilo dogo lilimtisha kuliko kisu chenyewe. Alipozinduka, mtambo ulikuwa kimya na balbu zote mbili zimezimika. Moja ilikuwa imewaka. Hakujua ipi. Kitufe kilishabonyezwa, na fotoni haiitwi ikarudi. Mkono wake, uliozoea kazi, ulichukua karatasi, ukaandika "Nimeona", ukaisukuma chini ya mlango. Ilipokwisha kupita ndipo akatambua alichofanya.

Nje ubishi ukaanza, na siku hiyo ulikuwa mkali, kwa sababu darasani alikuwemo mwalimu wa sekondari, mama wa makamo aliyerudi chuoni kuongeza elimu, miwani yake inaning'inia kwa kamba shingoni. Huyo hakukubali kitu kipite bila kukichungulia. Sauti zao zilikuja kupitia mbao za mlango.

"Wapo wanaosema hivi," mhadhiri alikuwa anaeleza. "Ukweli ni wa mtu na kile alichokutana nacho. Mama ana wake, mimi nina wangu, na hakuna kiti cha tatu ambacho mtu anaweza kukaa akauona wa Mama na wangu kwa pamoja, akaulinganisha."

"Huo si upweke, Profesa?" mwalimu aliuliza. "Nitajuaje kama mimi na mwenzangu tuko dunia moja?"

"Ni upweke, na wenyewe waliliona hilo. Ndipo baadhi yao wakaongeza sharti. Ukimwendea Mama ukamuuliza, atakachokujibu kitakuwa ndicho alichokiona, si kingine. Habari haikupotea, imo ndani yake. Ila haitoki yenyewe. Lazima umwendee, na kule kumwendea nako ni kupima, kama kupima kwingine."

"Na hii karatasi je?"

"Karatasi inasema habari ipo. Haisemi ni habari gani."

"Asipoulizwa?"

"Basi kwake ipo, na kwetu bado."

Ndani, Mama Nimeona alikuwa amekaa na kiganja juu ya titi, kama mtu anayezuia kitu kisimwagike. Maneno hayo alikuwa ameyasikia miaka yote kama mtu anavyosikia mvua. Leo kila moja lilimgusa, na aibu ilikuwa inampanda, kwa sababu watu wazima thelathini walikuwa wanabishana juu ya kitu ambacho yeye hakukiona.

Kengele ililia. Viti vikaburutwa, miguu ikapungua koridoni. Ndipo mtu akabisha hodi. Mlango ule haukuwahi kubishwa hodi. Alipofungua, alikuwa yule mwalimu.

"Samahani Mama. Mimi siwezi kwenda nyumbani na swali bila jibu. Uliona ipi?"

Miaka kumi na minne, madaftari mawili, na swali linakuja siku ambayo hana jibu. Angeweza kusema kweli. Lakini yule mama alikuwa anamtazama kwa hamu, na hamu ya kumsikia yeye lilikuwa jambo geni mno, akashindwa kuirudisha mikono mitupu.

"Nyekundu," akasema.

"Nilijua," mwalimu akatabasamu, akamshukuru, akaenda zake ameridhika. Mama Nimeona alifungua daftari, akaandika tarehe, na mbele ya tarehe hakuandika kitu.

Uongo ule mdogo ulilala naye kitanda kimoja. Asubuhi alikwenda ofisini kwa mhadhiri, akasimama kati ya rundo la vitabu na rundo jingine la vitabu.

"Profesa, jana sikuona."

"Hukuona nini?"

"Balbu. Nilikuwa na mawazo. Niliandika tu."

Mzee alicheka kwanza, kicheko cha mtu aliyeibiwa na mtu anayempenda. "Kwa hiyo saa nzima nimefundisha juu ya karatasi tupu." Kisha kicheko kikamkauka. Alivua miwani, akaishika. "Na nisingejua kamwe. Karatasi ilisema umeona, sote tukaiamini karatasi. Kweli, Mama, mimi sijawahi kukuuliza, hata siku moja?"

"Hujawahi."

"Kuna jambo nyumbani?"

"Lipo," alisema, akangoja.

Mhadhiri aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama wafanyavyo watu wema wanaodhani kunyamaza ndiyo heshima. "Chukua siku zako za kupumzika," akasema. "Nitakusainia."

Alikuwa katikati ya ngazi alipopatwa na wazo. Kama yeye, ambaye kuona ndiyo kazi yake anayolipwa, aliweza kuandika "Nimeona" bila kuona, basi "Sisi wote wazima" ilikuwa nini? Karatasi tu iliyopita chini ya mlango. Miaka sita alikuwa anaipokea, anaiamini, anamlaumu dada kwa kutouliza, na yeye mwenyewe hajauliza lolote. Ukimnyooshea mwenzio kidole kimoja, vitatu vinakuelekea wewe. Alihesabu vile vitatu, akajionea haya peke yake pale ngazini.

Ijumaa hakutuma ujumbe. Jumamosi asubuhi alivaa viatu vyake vya kutembelea, akapita soko, akapita kituo cha mafuta, na kila alipotaka kugeuka alijiambia kwamba akigeuka, Alhamisi nafasi itakuwa ya mtu mwingine. Nyumba ya dada aliitambua kwa geti la kijivu, ingawa rangi ilikuwa imeanza kubanduka. Uani kulikuwa na kamba ya nguo. Alisimama, akatazama vizuri safari hii. Gauni, gauni, shuka moja, kitambaa cha kichwa. Barazani, ambako viatu vikubwa vya shemeji vilikuwa havikosi kumkwaza mtu, kulikuwa na jozi moja tu ya kandambili za kike.

"Hodi."

Dada mtu alifungua. Alikuwa amekonda, na nywele alizokuwa anazipaka rangi nyeusi kila mwezi sasa zilikuwa nyeupe mpaka kisogoni. Walitazamana kama watu waliokutana kwenye foleni wakisumbuka kukumbuka wamejuana wapi.

"Mdogo wangu," alisema. "Jana hukuandika. Nilikaa na simu mpaka macho yakaniuma."

"Shikamoo dada. Shemeji yupo?"

"Marahaba. Katoka."

Siku nyingine angeishia hapo. Alikuwa amemeza mate na maneno maisha yake yote. Lakini sasa alipiga moyo konde, akauliza swali la pili, na nafikiri lilimgharimu kuliko mwendo mzima kutoka kwake.

"Katoka lini?"

Dada alishika mlango kwa mikono miwili. "Mwezi wa kumi," akasema.

Ulikuwa mwezi wa sita. Waliingia ndani, wakakaa kwenye meza yenye viti vinne, ambavyo mpaka siku hiyo vitatu vilikuwa havina kazi. Dada alileta maji kwenye bilauri, akasahau kumpa, akayashika yeye.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Wewe ndiye ulisema umeona jambo. Mimi nikakufukuza. Nikuandikie kwamba ulishinda?" Aliizungusha bilauri mkononi. "Siku ile jikoni. Uliona nini?"

Swali lilikuwa limechelewa miaka sita, lakini jibu lilikuwepo bado, zima, halijapungua.

"Nilimwona kituo cha basi. Alikuwa na mwanamke, na amembeba mtoto begani. Mtoto wa miaka kama miwili."

"Sasa ana minane," dada alisema. "Ndiko alikokwenda."

Hakulia. Ilionekana wazi kwamba kulia kwa ajili ya mtu huyo kulikwisha zamani, na kulikwisha bila shahidi. Mdogo mtu aliwaza miezi minane ya kuandika "sisi wote" mezani hapa, mbele ya viti vitupu, na huruma ikamjaa hata akasahau kilichomleta. Dada ndiye aliyekumbuka.

"Na wewe majibu yako? Ulisema umepata. Nikajua ni mazuri."

"Kwa nini mazuri?"

"Si ungesema kama ni mabaya?"

"Mimi siwezi kusema usiponiuliza, dada. Ndivyo nilivyo. Unanijua."

"Nakujua." Dada aliweka bilauri chini. "Na ndiyo maana sikuuliza. Nikikuuliza wewe, na wewe utaniuliza mimi. Nikasema bora tubaki na salama zetu. Haya, sasa nakuuliza. Yalisemaje?"

"Ni saratani ya titi. Wanakata Alhamisi."

Nje mtu alikuwa anapiga nyundo kwenye bati, akaacha, akaanza tena.

"Titi lipi?"

"La kushoto."

"Uliigundua lini?"

"Mwezi wa tatu."

Dada alifumba macho. "Mwezi wa tatu ndipo ulipoandika upo upo tu," alisema. "Nilisoma. Nikajiambia, huyu ana jambo. Nikaweka simu chini, nikaenda kufua." Sasa alilia, na alilia vibaya, kwa sauti, bila kujifunika uso, na mdogo mtu akazunguka meza akamshika mabega. Ilikuwa kichekesho kidogo, mgonjwa anambembeleza mzima, ila hapakuwa na mtu wa kucheka.

"Daktari anataka mtu," Mama Nimeona alisema, kinywa chake kikiwa karibu na zile nywele nyeupe. Alisema yote, safari hii bila kungoja. "Wa kusaini. Wa kukaa na mimi wiki mbili. Wa kunichana nywele. Usipokuja hawanikati, wananisogeza mbele. Naogopa, dada. Naogopa sana."

Dada mtu alijipangusa kwa ncha ya gauni, akainuka, akaingia chumbani. Zilisikika droo zikifunguliwa na kufungwa. Alitoka na mkoba ambao zipu yake imekufa, ameufunga kwa kamba.

"Kwako kuna godoro la pili?"

"Halipo."

"Basi tutabanana."

Alhamisi, saa moja kasorobo asubuhi, walikuwa kwenye benchi mbele ya meza ya nesi. Nesi alikuwa na fomu na haraka. Alimwita mgonjwa, akampa gauni la kijani linalofungwa mgongoni, kisha akamgeukia aliyebaki.

"Uhusiano wako na mgonjwa?"

"Dada yake. Tumbo moja."

"Mnaishi pamoja?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumamosi."

Nesi aliinua kalamu kutoka kwenye karatasi. "Na kabla ya hapo alikuwa anaishi na nani?"

Dada mtu alimtazama mdogo wake, aliyekuwa anahangaika na kamba za lile gauni. Aliinuka kwenda kumfungia.

"Peke yake," alimjibu nesi bila kugeuka. "Na mimi peke yangu. Andika Jumamosi."